Kupanga Darubini Nyingi Mwezini Zifanye Kazi ya Jicho Moja

Ukisimama Kampala usiku wa mwezi mpevu ukataka kuona bodaboda moja iliyoegeshwa huko juu Mwezini, hesabu yake ni fupi. Bodaboda ina urefu wa kama mita 2, Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400, na mwanga wa kijani una urefu wa wimbi wa nanomita 500 hivi. Jibu linalotoka ni kioo cha darubini chenye upana wa karibu mita 100. Na hata kioo hicho kingeiona bodaboda kama nukta moja tu, bila kujua imeelekea wapi.

Kioo cha ukubwa huo hakipo. ELT, darubini kubwa kuliko zote za mwanga zinazojengwa sasa, iliyoko Chile, itakuwa na kioo cha mita 39, nacho kimeunganishwa kwa vipande 798. Lakini nyota zinadai ukali wa macho wa kiwango hicho na zaidi. Nyota inayofanana na Jua letu, ikiwa umbali wa miaka 33 ya mwanga, inaonekana na upana wa takribani milisekunde 0.9 ya pembe. Chukua digrii moja, igawe mara 3,600, kisha kila kipande ukigawe tena mara 1,000: hiyo ndiyo milisekunde moja ya pembe. Kuuona upana huo kunahitaji mita 100 au zaidi. Kuona madoa usoni pa nyota hiyo kunahitaji kilomita nzima.

Njia iliyobaki ni kutumia vioo vidogo vilivyotawanywa na kuleta mwanga wake mahali pamoja. Kinachoamua ukali wa kuona ni umbali kati ya vioo, wala si upana wa kila kimoja. Kazi hii inaitwa intaferometria.

Aliyewahi kusikiliza amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, anaijua kwa masikio. Omunazi anapiga mfululizo wake, omwawuzi anachomeka wake katikati ya mapigo hayo, na sikio linasikia muziki ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Omukoonezi kazi yake ni kuudaka muziki huo na kuurudia kwenye mbao za juu. Katika intaferomita, darubini mbili ni wale wapigaji wawili, na kamera iliyo mahali mwanga unapokutana ni omukoonezi. Inachodaka ni milia ya mwanga na giza. Milia ikionekana wazi kabisa, nyota bado ni nukta kwa macho ya darubini hizo. Milia ikififia kadiri darubini zinavyotenganishwa, nyota imeanza kuonyesha upana wake. Michelson na Pease walilifanya hilo Mount Wilson, Marekani, Desemba 1920: walipotenganisha vioo vyao kwa mita 3 hivi milia ya Betelgeuse ikapotea, na kwa hesabu hiyo wakapata upana wa sekunde 0.047 ya pembe. Ilikuwa mara ya kwanza upana wa nyota nyingine kupimwa.

Mpigaji wa amadinda akichelewa, muziki unavurugika. Hapa pia. Ukichuja mwanga wa nanomita 600 na kuacha utepe wenye upana wa nanomita 60, milia inaonekana pale tu urefu wa njia mbili za mwanga unapolingana ndani ya mikromita 6 hivi. Unywele wa mtu ni mnene mara kumi kuliko hapo. Kila kitu katika usanifu wa mtambo huu, uwe Duniani au Mwezini, kinatokana na sharti hilo moja.

Hewa ikiondoka

Duniani, adui wa kwanza ni hewa. Mapovu ya hewa ya joto na ya baridi hupita juu ya kila darubini na kuyasogeza mawimbi ya mwanga upya kila baada ya milisekunde chache, kwa hiyo milia inacheza bila kutulia. Mtambo wa CHARA huko Mount Wilson, wenye darubini sita za mita 1 zilizotenganishwa hadi mita 331, na ule wa VLTI huko Paranal, Chile, unaoweza kuunganisha darubini nne za mita 8.2, yote imejengwa kupambana na tatizo hilo: picha fupi sana, na vioo vinavyojirekebisha mamia ya mara kwa sekunde. Mwanga wenyewe hupitishwa katika mabomba yaliyotolewa hewa.

Mwezini hakuna hewa ya kuvuruga. Kamera inaweza kubaki wazi dakika nzima, hata dakika kumi. Linganisha kioo cha mita 1 Duniani kinachopewa milisekunde 10, na kioo cha sentimita 5 Mwezini kinachopewa dakika 10. Kile kidogo kina eneo dogo mara 400, lakini muda wake ni mrefu mara 60,000. Hivyo kinakusanya mwanga mara 150 zaidi katika picha moja. Ndiyo maana pendekezo la MoonLITE, lililoandaliwa na watafiti wa Lowell Observatory ya Arizona na wenzao, linatumia vioo viwili vya sentimita 5 tu vilivyotenganishwa kwa mita 100. Aliyezoea kuamini kwamba darubini nzuri ni darubini kubwa hulipokea jambo hili kwa shida, lakini hesabu haina ubishi.

Kuna faida nyingine mbili. Urujuanimno, ambao ozoni ya Dunia huuzuia, unafika Mwezini bila kizuizi; kamera iliyobuniwa na George Carruthers ilipiga picha za mwanga huo kutoka Mwezini tangu 1972, katika safari ya Apollo 16. Kwa umbali uleule kati ya darubini, mwanga wa nanomita 150 huona kwa ukali zaidi ya mara tatu kuliko ule wa nanomita 500. Faida ya pili ni kwamba Mwezi unajizungusha polepole, mara moja kwa siku 27.3, hivyo nyota inasogea angani kwa takribani nusu digrii kwa saa. Darubini mbili zilizotenganishwa kwa kilomita 1 Duniani hulazimisha gari la vioo linalosawazisha njia za mwanga likimbizane na tofauti ya njia hizo inayoweza kubadilika kwa milimita 73 kila sekunde. Mwezini ni milimita 2.7.

Matetemeko hayatutishi sana. Vipima tetemeko vilivyoachwa na safari za Apollo, ambavyo vilifanya kazi hadi 1977, vilionyesha ardhi tulivu kuliko mahali popote Duniani. Matetemeko makubwa yapo, lakini ni machache. Likitokea moja, unasubiri ardhi iache kutetema, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi kwa kuwa miamba ni mikavu mno, kisha unaendelea.

Hewa ikiondoka, adui wa kasi ameondoka. Wanaobaki ni maadui wa polepole, na hao ndio wanaoamua kama mtambo utafanya kazi: joto, vumbi na usiku.

Joto linavuta kila kitu

Karibu na ikweta ya Mwezi, ardhi hufika nyuzi 120 mchana na kushuka hadi nyuzi 170 chini ya sifuri usiku. Mchana mmoja na usiku mmoja kwa pamoja ni siku 29.5 za Dunia. Fimbo ya alumini ya mita 1 hurefuka mikromita 23 kwa kila nyuzi moja, yaani zaidi ya mawimbi 40 ya mwanga wa kijani. Kati ya usiku na mchana hurefuka zaidi ya nusu sentimita. Invari, aloi ya chuma na nikeli, hurefuka takribani mikromita 1.2 kwa mita kwa nyuzi, na kioo maalumu cha Zerodur chini ya mikromita 0.05. Kwa hiyo vioo na meza ya kuunganishia mwanga hutengenezwa kwa Zerodur au silikoni kabaidi, na fremu kwa nyuzi za kaboni.

Hata hivyo, hitilafu nyingi hutokea kwenye maungio, si kwenye vioo. Ukikifunga kioo cha Zerodur kwa boliti kwenye mguu wa alumini, mguu ukisinyaa kwa baridi unakikunja kioo, na wimbi la mwanga linapinda nacho. Kioo kishikwe sehemu tatu tu, kwa vishikio vyembamba vya invari au titani vinavyonepa upande mmoja na kukaza upande mwingine. Gundi ipimwe katika chumba kisicho na hewa, kwa sababu gundi mbovu hutoa mvuke unaoganda juu ya kioo chenye baridi. Grisi ya kawaida haifai kabisa: inaganda, na sehemu yake inavukiza. Fani zilainishwe kwa unga mkavu wa molibdenamu disalfaidi.

Kisha liko suala la kuusafirisha mwanga. Wengi hukimbilia nyaya za kioo, faiba ileile inayoleta intaneti mjini, kwa kuwa ni nyepesi na kigari kinaweza kuzitandaza kikienda. Lakini katika faiba ya mita 100, njia ya mwanga hubadilika zaidi ya milimita 1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Hiyo ni mara 2,000 ya urefu wa wimbi. Faiba ikiwa nusu kivulini na nusu juani, milia haitapatikana. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kutandaza faiba mbili zenye urefu sawa zikiwa zimebanana, ile ya darubini ya karibu ikienda hadi mwisho na kurudi kwa namna ambayo kila mita ya moja ina jirani yake katika nyingine. Zinapopata joto zinapata pamoja, na tofauti inabaki ndogo. Ya pili ni kuzifukia. Vipimo vya Apollo 15 na 17 vilionyesha kwamba chini ya sentimita 80 hivi joto la udongo halibadiliki tena kati ya mchana na usiku. Kuchimba mtaro wa mita 100 wenye kina hicho si kazi ndogo kwa kigari chenye uzito wa kilo kadhaa, kwa kuwa udongo wa Mwezini umeshindiliwa sana chini ya tabaka la juu. Sisi tungechagua faiba pacha kwa mtambo wa kwanza, na kwa mitambo mikubwa ya baadaye kuachana na faiba na kuurusha mwanga moja kwa moja juu ya ardhi, kioo hadi kioo. Ombwe lipo bure.

Ukiurusha hivyo, kumbuka mviringo wa Mwezi. Nusu kipenyo chake ni kilomita 1,737, kwa hiyo ardhi tambarare inaficha jicho lililo mita 1.5 juu yake baada ya kilomita 2.3. Kwa mtambo wa kilomita 1 hilo si tatizo. Mawe na mashimo ndiyo tatizo.

Umbo la yai

Darubini zikitawanyika, mwanga wa nyota iliyo upande hufika kwanza kwenye darubini iliyo upande huo. Kwa mtambo wa kilomita 1 na nyota iliyoinama nyuzi 60 kutoka utosini, tofauti ni karibu mita 870. Duniani tofauti hii hulipwa kwa reli ndefu ambayo juu yake gari la vioo linasogea na kumchelewesha aliyetangulia. Kujenga reli nyoofu ya mamia ya mita Mwezini ni gharama isiyobebeka.

Jiometri inatoa njia safi zaidi: zisogeze darubini zenyewe. Nyota ikiwa utosini, zipange katika duara kuzunguka kituo cha kuunganishia mwanga, na njia zote zinalingana. Nyota ikiinama, duara linageuka yai, yaani duaradufu, na kituo kinakaa kwenye fokasi yake, karibu na ncha iliyo mbali na nyota. Nyota ikiwa nyuzi 30 kutoka utosini, darubini ya upande wa nyota inakaa mita 750 kutoka kituoni na ile ya nyuma mita 250. Upana wa yai ni mita 866. Mwanga unaotangulia kufika unalipia kwa safari ndefu ya kurudi kituoni, na deni linaisha lenyewe. Wanaochora AeSI, wazo la kujenga Mwezini mtambo wa kilomita 1 ambalo NASA imelifadhili kuchunguzwa, wamechukua umbo la namna hii, wakianza na darubini 15 na kufika 30. Darubini 15 zinatoa jozi 105, na 30 zinatoa jozi 435. Kila jozi ni kipimo kimoja cha sura ya nyota, na pasipo jozi nyingi hakuna picha, kuna upana tu.

Reli haiondoki kabisa. Nyota inaendelea kusogea, na kwa saa moja tofauti inaweza kukua hadi mita 9.6. Reli fupi ya mita 5 inayopita mwanga kwenda na kurudi inatosha kwa saa moja ya kazi, kisha vigari vinahama.

Vumbi

Kila anapohama mtu au kigari, vumbi linaruka. Vumbi la Mwezini halijawahi kusuguliwa na maji wala upepo. Kila chembe ina kingo kali kama kioo kilichovunjika, na miale ya Jua huipa chaji ya umeme inayoing'ang'aniza popote inapotua. Vumbi jekundu la marram ya huku kwetu unalipangusa kwa kitambaa. Hili ukilipangusa juu ya kioo, umekichora.

Historia imetoa mafunzo ya bei ghali. Apollo 12 ilipotua mwaka 1969, umbali wa chini ya mita 200 kutoka chombo cha Surveyor 3, injini yake ilirusha mchanga uliokisugua Surveyor kama msasa. Kigari cha Kisovieti, Lunokhod 2, kilikufa mwaka 1973 baada ya kifuniko chake kugusa ukingo wa shimo, kuchota udongo, na kuumwaga juu ya sehemu ya kupozea mitambo kilipofungwa. Vioakisi vya leza vilivyoachwa na Apollo 11, 14 na 15 bado vinarudisha mwanga, lakini kwa sehemu ndogo ya nguvu iliyotarajiwa, na vumbi linashukiwa.

Kwa hiyo chombo kinacholeta vifaa kitue mbali, nyuma ya kilima ikiwezekana. Vigari viwe na madigadi kamili na viende kasi ya mtu anayetembea polepole au chini yake. Wanaanga wa Apollo 17 walipovunja madigadi moja walilazimika kuunda jingine kwa ramani na gundi ya utepe. Vifuniko vya vioo vifungwe wakati wote wa kuhama, na vifunguke kwa kwenda chini au kando, kamwe visipite juu ya kioo. Ngao inayotikisa vumbi kwa umeme, ambayo chombo cha Blue Ghost kiliibeba hadi Mwezini Machi 2025, ilionyesha kwamba uso wa kioo unaweza kusafishwa bila kuguswa.

Usiku, umeme na mahali

Wakati mzuri wa kutazama ni usiku: joto linashuka polepole kwa mwendo unaotabirika, na ardhi haing'ai. Mchana, anga ni jeusi lakini udongo unaowaka jua humwaga mwanga ndani ya darubini, na mitetemo midogo ya joto huanza kama siku mbili baada ya jua kuchomoza.

Usiku huo una saa 354. Mtambo mdogo unaotumia wati 50 unahitaji kilowati-saa 17.7. Kwa lugha ya duka la sola, hizo ni betri 15 za volti 12 na ampea-saa 100 zikikamuliwa hadi tone la mwisho. Na kwa kuwa betri ya risasi haipaswi kushuka chini ya nusu, ni 30. Kwa lithiamu ni kama kilo 120, bila kuhesabu hita za kuzilinda betri zenyewe na baridi. Vyombo vingi vilivyopelekwa Mwezini vilikufa usiku, na sababu ni hesabu hii.

Ncha ya kusini inapunguza mzigo. Wanaoishi chini ya Rwenzori, ile inayoitwa pia Milima ya Mwezi, huona jioni vilele vikiwa na mwanga wakati Kasese imeshaingia kivulini. Karibu na shimo la Shackleton hali hiyo ni ya sehemu kubwa ya mwaka: migongo ya milima ina jua, na mashimo yaliyo jirani hayajalipata kwa muda mrefu mno, baridi ya baadhi yake ikipita nyuzi 200 chini ya sifuri na kubadilika kidogo tu. Paneli juani, darubini kivulini, waya kati yake. Gharama yake ni kwamba kutoka nchani unaona nusu moja tu ya anga, daima ileile. Mtambo ulioko kwenye ikweta ya Mwezi huliona anga lote kwa mwezi mmoja, kama sisi wa Kayabwe, hapa kwenye ikweta ya Uganda, tunavyoliona lote kwa mwaka. Kwa mtambo wa kwanza tungechagua umeme kuliko anga.

Kuitafuta milia

Vifaa vikishakaa, milia haitokei yenyewe. Kigari kinajua mahali pake kwa kosa la labda sentimita 1, ilhali milia imejificha katika mikromita 6. Ukipekua kwa hatua za mikromita 5, sekunde 1 kila hatua, ni hatua 2,000 na nusu saa imekwisha. Anza na nyota angavu na utawanye mwanga wake kwa prizimu hadi vipande vya nanomita 1: kila kipande kinaonyesha milia ndani ya mikromita 360, na sentimita 1 inapekuliwa kwa hatua 30 tu. Ukiipata, washa leza ya kupima njia kutoka kituoni hadi kila kioo, ishike njia ndani ya nanomita 50, kisha ndipo uhamie nyota hafifu. Anayeruka hatua ya nyota angavu hupoteza usiku mzima akitafuta asichojua kiko wapi.

Sehemu ya kazi hii inaweza kujaribiwa Mbarara au Makerere kwa leza ya kijani ya nanomita 532, kipande cha kioo bapa kilichowekwa kwa nyuzi 45, na vioo viwili vidogo juu ya ubao mzito uliolazwa kwenye mchanga. Mikono miwili ya mwanga iwe na urefu sawa ndani ya milimita chache, maana leza za bei nafuu hupoteza mpangilio haraka. Miale isimwelekee mtu machoni. Kimoja cha vioo kifungwe mwishoni mwa kipande cha alumini cha sentimita 10. Kishike kwa vidole viwili: joto likipanda nyuzi moja, milia 8 au 9 itapita mbele yako ukutani. Fanya vipimo baada ya saa nne usiku, mabati ya paa yakiwa yameshapoa na malori yamepungua barabarani, na uandike kila baada ya dakika tano milia mingapi imepita na kipimajoto kinasomaje.